Gari la Ushirika Limekunywa Nini?

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mie ndiye yule Marijani wa Buguruni, fundi magari, niliyefukuzwa karakana nikakaa miezi minne nikiaga kila asubuhi kwamba nakwenda kazini. Mke wangu Somoe alikuwa akinifungia muhogo wa kuchemsha, nami nakwenda kuula Mnazi Mmoja, nasubiri saa tisa ifike nirudi nyumbani nikilalamika uchovu.

Uongo ulipofumuka, baba yake alikuja akamchukua binti yake na godoro lake. Mzee Sadallah, muuza makuti na boriti, si mtu wa maneno mengi.

"Simchukui kwa sababu huna kazi," aliniambia mlangoni. "Wasio na kazi wako tele. Namchukua kwa sababu huna ukweli. Siku utakapoacha uongo, njoo umchukue."

Wiki iliyopita mliniacha pale nilipopata kazi ya udereva katika Ushirika wetu wa usafiri, wenye gari moja tu, pikapu ya Pijo. Na nani mjumbe wa kamati ya Ushirika ule? Mzee Sadallah huyohuyo. Nikasema sasa Mungu kanifungulia mlango, mkwe ataniona nikifanya kazi kwa macho yake, na Somoe atarudi kabla ya Ramadhani.

Wallahi nilikuwa na tamaa ya kuishi na yule mwanamke kuliko tamaa ya chakula.

Miaka ile ya baada ya vita vya Kagera mnaikumbuka. Petroli ilikuwa inatafutwa kwa tochi. Jumapili ikifika saa nane mchana, gari lisilo na kibali haligusi barabara. Vituo vinafungwa, na vikifunguliwa foleni inaanzia huku inaishia kule.

Pikapu yetu ndiyo iliyokuwa inabeba mchicha wa Avelina na wanachama wenzake kwenda sokoni, inabeba mkaa, inabeba wagonjwa. Na ndiyo iliyokuwa inabeba maiti zetu, Waislamu kwa Wakristo.

Siku moja katibu wetu, Adelard, akaitisha mkutano. Adelard alikuwa mtu wa kusoma magazeti mpaka matangazo ya vifo.

"Ndugu wanachama," akasema, "Brazili magari yanatembea kwa spiriti ya miwa. Spiriti! Sie miwa tunayo, na molasi yake tunaimwaga. Kila chupa tisa za petroli ukitia chupa moja ya spiriti, umeokoa safari moja katika kumi. Huko ndiko kujitegemea."

Watu wakapiga makofi, kwa sababu neno kujitegemea likitajwa ilikuwa lazima upige makofi.

Avelina hakupiga. "Katibu, sukari yenyewe tunapanga foleni tangu alfajiri, halafu miwa tuwape magari? Watoto wanywe chai chungu ili pikapu ilewe?"

"Si sukari, mama. Ni molasi. Ni makapi."

"Makapi leo. Kesho mtasema muwa mzima."

Mkutano ukacheka. Adelard akanigeukia. "Fundi, sema wewe. Injini itakubali?"

Nikasimama. Niliona Mzee Sadallah ananitazama, nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kusema mambo ya kweli tupu.

"Itakubali," nikasema, "kama spiriti ni kavu. Ikiwa na maji itajitenga na petroli, italala chini ya tangi, na gari litazimika. Halafu inakula mipira ya pampu. Lakini ikiwa kavu na ikiwa kidogo, gari litakwenda."

Mzee Sadallah akainua mkono.

"Mie sijui injini," akasema. "Najua gari hili ndilo lililombeba mama yangu kwenda kaburini. Litambeba dada yangu, litanibeba na mie. Mnataka tupelekwe kwa Mola wetu na pombe?"

"Si pombe, mzee," akasema Adelard. "Hii ya kiwandani imetiwa dawa. Hainyweki. Ukiinywa unapofuka."

Mzee akasema atamuuliza shehe. Baada ya siku tatu akarudi na jibu: kitu kisichonyweka, cha kuwasha mashine, ni kama mafuta ya taa. Akaridhika, ila aliweka masharti mawili. La kwanza, iwe ya kiwandani peke yake, pombe ya kupikwa majumbani isiingie humo hata tone. La pili, siku ya maiti gari litiwe petroli tupu.

"Na atakayenihakikishia," akasema, "ni Marijani. Nataka nione kama ameacha."

Mbele ya watu wote nikasema, "Nakuhakikishia, baba."

Adelard akahangaika na barua na mihuri mpaka akapata madumu mawili ya spiriti ya kiwandani, kwa majaribio. Ndugu zangu, gari lilikwenda! Lilikwenda wiki tatu bila kukohoa. Adelard akawa anatembea kifua mbele. Viongozi wa tawi wakaja kuliona. Siku moja Mzee Sadallah akanipita pale kwenye maegesho, akasimama, akasema, "Nasikia unafanya kazi vizuri."

Maneno manne tu hayo. Usiku sikulala kwa furaha.

Halafu spiriti ikaisha.

Adelard akaandika barua nyingine. Haikujibiwa. Akaandika ya pili. Kila asubuhi ananiuliza, "Fundi, imebaki ya kutosha?" nami namjibu, "Ipo ipo, katibu." Kwa nini nilisema ipo? Hata leo najiuliza. Nadhani niliogopa kwamba ikisha, na sifa zangu zimekwisha, na yale maneno manne ya mkwe yamekwisha.

Ndipo nikaenda Kiwalani kwa Albano.

Albano alikuwa mchonga vinyago kutoka kule Newala, rafiki yangu wa siku nyingi. Mchana anachonga mpingo. Lakini msimu wa mabibo ukifika, uani kwake kulikuwa na pipa, na bomba, na harufu ambayo polisi wangeifuata wakiwa wamefumba macho. Gongo la mabibo, mtu akinywa vikombe viwili anasahau jina la mama yake.

"Nataka kavu," nikamwambia. "Kavu kabisa."

"Ya kumpa nani?"

"Gari."

Akacheka mpaka patasi ikamdondoka. "Bwana Marijani, watu wa kunywa wamekwisha mjini?"

Akaniambia atapika mara mbili. Alipomaliza akamimina kidogo kwenye kijiko, akakiwasha kwa kiberiti. Moto wa buluu ukapanda. "Unaona? Hakuna maji humo."

Mie fundi. Mie niliyesimama mkutanoni nikawafundisha watu habari ya spiriti kavu. Nikautazama ule moto wa kijiko nikajiambia, kama unawaka, basi ni kavu. Mtu akitaka kudanganywa hamhitaji mwongo mwingine.

Ukiikoroga na petroli inakubali. Ukiiacha ilale usiku, asubuhi unakuta imejitenga, maji meupe yamekaa chini ya kikombe cha kioo cha pampu. Basi kila asubuhi nafika mapema kabla ya watu, nafungua kile kikombe, namwaga, nafunga. Gari likakohoa kidogo, lakini likatembea. Nyuma ya kiti nikawa naweka dumu moja jeupe la Albano, la kuongezea, nimelifunga kwa gunzi la muhindi na kipande cha nailoni ili lisinuke.

Jumapili ya tarehe ambayo sitaisahau, alfajiri, mlango wangu ukagongwa. Mzee Sadallah mwenyewe, kanzu imelowa manyunyu ya vuli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwamvita ametutoka."

Bi Mwamvita alikuwa dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea Somoe. Nikasema innalillahi, na machozi yakanitoka kweli, kwa sababu yule bibi ndiye peke yake katika nyumba ile aliyekuwa bado akinitumia salamu.

"Alitaka alale Boko, kwa wazazi wetu," akasema mzee. "Tutamsalia adhuhuri, tumpeleke. Kibali cha polisi ninacho. Gari lina petroli tupu?"

Sikilizeni hapa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningeweza kusema, baba, tangi lina mchanganyiko na mchanganyiko wenyewe si ule tuliokubaliana. Ningeweza hata kusema gari bovu. Vituo vyote vimefungwa, petroli tupu sina pa kuipata.

Lakini nyuma yake, chini ya baraza la jirani, alikuwa amesimama Somoe. Kajitanda kaniki, macho mekundu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona tangu godoro litoke.

"Tupu, baba," nikasema.

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka. Nikabaki nimeshika mlango, nimejichukia.

Mchana watu walikuwa wengi. Jeneza likapakiwa, wanaume kumi na wawili wakapanda kulizunguka, majembe yakaingia. Katika zile pilikapilika sikupata hata dakika ya kufungua kile kikombe cha pampu, maana kila niliposogelea boneti kuna mtu ananishika mkono kunipa pole.

Wanawake hawaendi makaburini. Somoe akaja dirishani kwangu, akanipa dumu jeupe, limezibwa kwa gunzi.

"Haya ni ya shangazi," akasema. "Ya kumwagia kaburini. Nimetia marashi."

"Nitayafikisha."

"Najua." Akanitazama kidogo. "Baba anasema umebadilika."

Nikaliweka dumu nyuma ya kiti nikatia moto gari.

Tukapita Ubungo, tukapita Mwenge. Wanaume nyuma wanasoma, laa ilaaha illallah. Mzee Sadallah amekaa pembeni yangu na tasbihi. Gari likaanza kukohoa.

"Lina nini?"

"Barabara, baba. Mashimo."

Kupita Tegeta kidogo, pale penye mwinuko, likakohoa mara tatu, likatetemeka, likazima. Nikapiga starta mpaka betri ikaanza kulia. Hamna kitu.

Nikashuka, nikafungua boneti. Kile kikombe cha kioo kilikuwa kimejaa maji meupe, petroli imeelea juu kama utando wa chai. Mzee Sadallah akainama begani kwangu.

"Ni nini hicho?"

"Maji, baba. Maji yameingia kwenye petroli."

Mtu mmoja akasema kwa sauti kule nyuma, "Si ile spiriti yao! Katibu na magazeti yake!"

Mzee akageuka kwa ukali. "Leo hamna spiriti humu. Marijani ameniambia tupu. Petroli ya siku hizi yenyewe ina maji, wa kulaumiwa si huyu."

Ndugu zangu, kupigwa kunauma, lakini kutetewa na mtu unayemdanganya kunauma zaidi. Nilitamani ardhi inimeze na spana yangu mkononi.

"Saa zinakwenda," akasema mzee. "Boko si mbali. Tumbebe. Wewe baki utengeneze, utufuate."

Nikaingia kichwa chini ya boneti, na kwa kweli nilikuwa najificha. Nikasikia jeneza linashushwa, majembe yanagongana, mlango wa gari unafunguliwa na kufungwa. Kisha sauti zao zikawa mbali, wanapokezana bega kwa bega, mpaka sikuzisikia tena.

Nikamwaga maji ya kikombe. Nikavua bomba, nikapuliza kwa mdomo, gongo likaniingia kooni nikatema. Nikarudisha kila kitu. Starta ikasema tik, tik, ikanyamaza. Betri imekufa.

Nikaona rejeta imepungua, nikasema ngoja angalau niiongeze maji. Nikaingiza mkono nyuma ya kiti kutafuta kopo la kuchotea, nikijua kwamba watu wameondoka na dumu la Somoe na lililobaki ni la Albano, nikalisogeza. Gunzi likanichomoka mkononi.

Harufu ya marashi ikajaa kwenye gari.

Nikanusa tena. Marashi. Nikatafuta nyuma ya kiti kwa mikono yote miwili, nikatafuta chini, nikatafuta hata mahali ambapo dumu haliwezi kuenea. Hakuna dumu la pili.

Walikuwa wamechukua la Albano. Wanakwenda kulimwaga juu ya kaburi la Bi Mwamvita, kichwani mpaka miguuni, na dua.

Nikalibeba la Somoe nikakimbia.

Sijawahi kukimbia vile. Kandambili moja ilikatika nikaitupa, ya pili nikaitupa pia. Njiani nilikuwa napanga: nitafika kimyakimya, nitaweka hili, nitaondoa lile, hakuna atakayejua. Nitamrudishia Albano gongo lake na mie sitasema uongo tena mpaka nife. Niliomba kwa majina yote ninayoyajua. Yaa Rabbi, nisaidie mara hii tu, na uongo huu uwe wa mwisho.

Nilifika makaburini Boko nikihema. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa, wanausawazisha mchanga kwa majembe. Dumu la Albano limewekwa kichwani pa kaburi, gunzi lingali kinywani. Sikuwa nimechelewa!

Nikalisogelea polepole, kama mtu anayetafuta pa kusimama. Hatua tano zimebaki. Nne.

"Marijani!" Mzee Sadallah ameniona. Akanitazama miguu, haina viatu, inatoka damu. Akatazama dumu nililolikumbatia. "Umekimbia na hili peku toka kule?"

"Ndiyo, baba. Haya ndiyo maji ya..."

"Umefanya la maana. Jamani, maji ya kunawa haya hapa!"

Kabla sijafunga mdomo, dumu likachukuliwa mikononi mwangu. Watu wenye mikono ya udongo wakalizunguka. Nikasema, "Hapana, hayo siyo ya..." lakini nani anamsikiliza mtu msibani? Wakanawa mikono, wakanawa miguu, mmoja akanawa uso akasema, "Mashaallah, yananukia." Maji ya shangazi yakaisha mchangani mbele ya macho yangu, na mie nimesimama natazama.

Dumu tupu likatupwa pembeni.

"Haya," akasema mwenye kusomesha dua. "Maji ya kaburi, kisha tumsomee maiti talkini."

Mzee Sadallah akainama, akalinyanyua dumu la Albano. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa amesimama mbele yangu, amelinyoosha kwangu kwa mikono miwili.

"Mwamvita alikuwa akikutetea kila siku," akasema, watu wote wanasikia. "Mie nilikuwa nakataa. Leo umemleta, na gari lilipokufa umemfuata peku. Mwagie wewe."

Mikono yangu ikalipokea. Haikuniuliza. Lilikuwa zito, limejaa, na ndani yake mlikuwa na jasho la Albano la mabibo ya msimu mzima. Nikivuta lile gunzi, hakuna pua pale itakayohitaji kuelezwa. Nisipolivuta, nitasema nini? Nikiliangusha litamwagika palepale lilipotakiwa kumwagwa.

Watu wakaanza kufungua viganja kwa dua.

Nikasema moyoni, basi, yaishe. Afadhali aniue. Afadhali nimkose Somoe kuliko kumfanyia hivi yule bibi.

"Baba," nikasema. "Kabla sijafungua, lipo neno nataka kukwambia."

Mzee Sadallah akanisogelea, akaniwekea mkono begani. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, akanitabasamia.

"Nalijua," akasema taratibu. "Kesho njoo umchukue mkeo. Sasa vuta kizibo, mwanangu, watu wanasubiri."